Dalali na Motokaa ya Mkewe

Jumamosi nyingi za ujana wangu ziliharibiwa na hendeli ya motokaa. Nilikuwa mke mpya wa karani, nimetolewa kwetu Tabora na kuletwa Shinyanga, na nyumba tuliyopanga ilipakana na nyumba ya Dalali, ukuta kwa ukuta. Kabla jua halijachomoza nilisikia chuma kikizungushwa, kikikwama, kikitukanwa, kikibembelezwa, kisha injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Hapo ndipo mkewe, ambaye alikuwa amekwisha kukaa garini zamani na mizigo yake, aliposema kwa upole, "Sema bismillahi kwanza, Mzee. Unaipiga kama ndama mkaidi." Dalali alizungusha tena. Mume wangu alijifunika shuka kichwani na kuapa kwamba iko siku ataitupa hendeli ile chooni. Leo ningetoa kila nilicho nacho niharibiwe usingizi namna ile.

Alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, na mji ulimwita kwa kazi yake hadi jina lake likasahaulika. Mnadani alisimama juu ya sanduku, kanzu imekunjwa na kufungwa kiunoni, fimbo mkononi, akiwapazia wanunuzi bei kwa Kiswahili na wenye ng'ombe kwa Kisukuma, na sauti yake ilisikika hadi stesheni. Alijua kusifu. Ng'ombe aliyekonda alimwita mwepesi wa safari, kipofu wa jicho moja alimwita asiye na tamaa. Watu wasio na ng'ombe wala nia ya kununua walikuja kumsikiliza tu. Lakini akishavuka kizingiti cha nyumba yake alizimika. Nyumbani aliongea kwa vidole: kidole kimoja maji, viwili uji, kiganja wazi niacheni. Nilipowazoea nilimwuliza mkewe kama wamegombana. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Huyu? Maneno yake yote ameyauza mnadani, mwanangu. Kwangu huja na gunia tupu."

Huyo mkewe tulimwita Mama Dalali. Mwanzoni sikulitilia maanani. Mtaani petu kila mwanamke aliitwa kwa mtoto wake, Mama Rehema, Mama Shabani, na hata mimi niliyekuwa bado sijazaa nilikuwa nimekwisha kutengewa jina la kusubiri, Bibi Arusi. Yeye peke yake aliitwa kwa kazi ya mumewe. Hakujaliwa mtoto. Alipenda kusema kwamba mtoto wake mmoja ni huyu mwenye mvi na fimbo, na kwamba amechelewa kumwachisha ziwa. Tulicheka, naye alicheka, na nilikuwa mjinga kiasi cha kudhani kwamba yameishia hapo.

Motokaa ilikuwa ya mke. Hili Dalali alilikubali mbele ya mtu yeyote, bila haya. Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta dhahabu huko Geita alishindwa na dhahabu, vitu vyake vikaletwa mnadani Shinyanga: kitanda cha turubai, taa, makarai, na motokaa moja kuukuu, mbele ina viti viwili, nyuma ina sanduku la mbao la kubebea mizigo. Dalali aliisifu tangu asubuhi. Alisema haili majani, haiugui ndigana, haizurulii shamba la mtu. Wenye ng'ombe walikufa kwa kicheko lakini hakuna aliyetoa bei. Akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili. Basi nyuma ya kundi, kwenye kivuli walikokaa wauza vitumbua, mkono wenye unga ukainuka. Ulikuwa mkono wa mkewe. Miaka yote aliyouza samli na vitumbua mnadani hakuwa amewahi kuinua mkono. Dalali alimtazama, fimbo ikiwa hewani, na wale walioshuhudia husema hiyo ndiyo siku pekee aliyokosa neno akiwa juu ya sanduku lake la mnada. Kisha akapiga fimbo, akasema imekwenda.

Dalali ndiye aliyejifunza kuiendesha katika uwanja wa mnada, siku zisizo na mnada, akiwafukuza ndama na kufukuzwa nao. Hakuwa dereva mzuri, na nasema hivyo kwa kumpenda. Akikutana na mtu njiani, awe anamjua asimjue, alisimama, akazima injini, akashuka, akasalimia kama inavyotakiwa, mwangaluka, habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, kisha akarudi kwenye hendeli na matusi yake. Safari ya asubuhi moja ikala siku nzima. Zaidi ya hayo alikuwa na kiburi cha kutouliza njia. Miji ya watu, kaya kwa kaya, aliikumbuka kwa ng'ombe. "Hapa ni kwa yule mwenye fahali mwekundu," alisema, akakata kona. Jina la mwenye nyumba lilikuwa kazi ya mkewe.

Kila Jumamosi walikwenda mahali. Arusi, matanga, arobaini, maulidi, ubatizo, ngoma za baada ya mavuno. Palipokusanyika watu, motokaa ile ilifika, imejaa vumbi hadi kwenye kope za waliomo. Kule Ushirombo, kwa Wasumbwa wa misheni, Dalali alisimama nje ya kanisa kofia mfukoni, akibeba watoto wachanga wa wanawake walioingia kusali, mmoja kila mkono, akiwakadiria uzito kwa siri kama anavyokadiria mitamba. Alisema yeye ni dereva tu, mambo ya watu hayamhusu. Msibani hakulia. Arusini hakucheza. Alikaa kwenye kibao cha pembeni cha motokaa, akapewa chakula chake pale pale, na mtu akimkaribisha ndani aliinua kiganja. Lakini Ijumaa jioni, nimeona kwa macho yangu, ndiye aliyetangulia kupanga mizigo, na mkewe akichelewa alizunguka gari lile kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilikwenda nao mara nyingi, maana mume wangu aliogopa motokaa na mimi niliogopa kubaki peke yangu. Nilikuwa na hamu na kwetu hata chakula hakishuki. Siku moja nilikuwa nikichambua mchele na Mama Dalali uani kwake, nikaanza kulia kwa ajili ya mama yangu aliye Tabora, mwendo wa saa chache tu kwa reli. Aliniacha nilie. Kisha akasema:

"Wewe lia tu. Una unayemlilia. Mimi mama yangu namkumbuka mgongo tu."

"Mgongo?"

"Tulikuwa tunatembea, yeye mbele. Msafara wa watumwa ulitoka Umanyema huko, mimi mdogo sana. Namkumbuka mgongo na kidonda begani. Siku moja mgongo ule haukuwapo, mbele yangu anatembea mtu mwingine. Sijui alianguka wapi. Sijui kijiji, sijui kabila langu hasa, jina nililopewa naye silijui."

Aliendelea kupeta mchele.

"Si hilo linaloniuma," akasema. "Hilo ni la zamani. Linaloniuma ni moja. Nikifa, Bibi Arusi, nani atanililia? Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, ndivyo wanavyosema. Mimi sina mzaliwa nami. Mumewe mtu hulia kimoyomoyo, na huyu wangu hata kimoyomoyo sijui kama anajua. Nataka watu. Nataka siku hiyo uani hapa pasiwe na pa kuweka mguu."

Nikaelewa Jumamosi zote. Nilizidhani ni starehe ya wazee wawili wenye gari, kumbe mwanamke yule alikuwa akienda kuwalilia watu ili awe na wa kumlilia. Tangu siku hiyo sikuisema tena vibaya ile hendeli, ingawa mume wangu aliendelea.

Sasa niseme habari ya Mwakitolyo, maana kila nikimkumbuka Dalali naanzia hapo na kucheka kabla sijafika mbali. Mchungaji mmoja wa ng'ombe aliwaletea habari mnadani kwamba upande wa Mwakitolyo amefariki bibi mzee, mama wa mtu waliyemfahamu. Jumamosi tukaondoka, Dalali na mkewe mbele, mimi nyuma kwenye sanduku juu ya gunia la mtama la rambirambi. Tulipokaribia tukaona miji miwili, yote imezungushiwa ua wa minyaa, yote ina watu wengi. Mkewe akasema, "Uliza, Mzee." Dalali akanyoosha kidole. Kando ya mji wa kwanza alikuwa akila majani ng'ombe mweupe mwenye sikio moja jeusi. Ng'ombe yule alikuwa amewahi kupita mikononi mwake mnadani na kurudi na mwenyewe, huyo huyo aliyefiwa, bila kuuzwa. Alimjua kama ndugu yake. "Ndipo hapo," akasema, akaingiza motokaa moja kwa moja langoni.

Mama Dalali hakungoja isimame. Alikwisha kushuka, mikono kichwani, kanga imelegea, akimwomboleza mama kwa Kisukuma kwa sauti ya juu. "Mayu wee! Mayu, umetuacha! Mayu, tutakwenda kwa nani?"

Ngoma zikanyamaza. Ndipo nilipojua kwamba kulikuwa na ngoma. Nilichungulia kutoka kwenye sanduku nikaona mitungi ya pombe, wasichana waliojipaka mafuta, wazee wenye mikia ya nyumbu mikononi wakiwa wamesimama mguu mmoja mbele, katikati ya mchezo. Ng'ombe mweupe alikuwa ametoka kwa mwenyewe mwaka ule, akazunguka kwa watu wawili watatu, mwishowe akalipwa mahari katika mji huu. Tulikuwa tumeingia arusini na kilio cha maiti.

Kwa Wasukuma, na kwa yeyote, huo ni mkosi mkubwa. Mzee mmoja alitema mate chini. Vijana waliokota fimbo. Mama Dalali alisimama mikono bado iko kichwani, mdomo wazi, kilio kimemkwama, na uso wake ukageuka jivu. Mimi nilijificha nyuma ya gunia, sioni haya kusema.

Dalali alizima injini, akapanda juu ya kile kibao cha pembeni. Akapaza sauti ya mnada, kwa Kisukuma, kila mtu akageuka.

"Mnashangaa nini? Nimepita miji yote hii sijaona arusi kavu kama hii! Binti anaondoka kwa baba yake, anakwenda kuchota maji ya watu wengine, na hakuna jicho hata moja lenye machozi? Mmemchoka? Mimi nimeleta mliaji wangu kutoka Shinyanga mjini! Analia kilio cha mama wa binti! Mama wa binti yuko wapi, aje alie naye?"

Aliyasema kwa kujiokoa tu. Hakujua lolote. Lakini shangazi wa bibi arusi akaziba mdomo kwa kanga. Mama wa binti yule alikuwa amekufa mwaka wa nzige. Mlango wa nyumba ukafunguliwa, akatoka msichana mwenye shanga shingoni, Minza jina lake, ambaye, tuliambiwa baadaye, tangu asubuhi alikuwa amekaa macho makavu, wanawake wakimsema kwamba ana moyo wa jiwe. Alitembea hadi kwa Mama Dalali, akamwangukia kifuani, akalia. Alilia kwa sauti iliyowafanya hata wale vijana waweke fimbo zao chini. Na Mama Dalali akapata kilio chake palepale alipokiachia, "Mayu wee, umetuacha, mayu," maneno yaleyale, sasa yamepata pa kukaa.

Baba wa binti alikuja akasimama mbele ya Dalali. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo. "Aliyekutuma sisi hatumjui," alisema. "Shuka ule."

Tulipewa nyama ya upande wa mama wa bibi arusi. Kule msibani tulifika jioni, tukalia kwa sauti zilizobakia.

Baada ya hapo Minza alikuja Shinyanga kila baada ya mavuno, na watu wa upande ule wakaanza kumwita Mama Dalali kwa jina la Mama Minza. Aliniambia jambo hilo mara nne kwa siku moja, kila mara kama habari mpya. Asubuhi iliyofuata, mimi nikiwa ukutani nikianika nguo, nilimsikia Dalali ndani ya nyumba yake akisema kwa sauti, si kwa kidole, "Mama Minza, maji." Mara nikasikia bakuli likianguka.

Nisimfanye Dalali malaika. Alikuwa mkaidi, alikuwa mbishi, na alipoambiwa na mume wangu kwamba tairi la nyuma limekwisha alimjibu kwamba hata viatu vya karani vimekwisha na bado anakwenda kazini. Waliomdharau aliwanyima salamu kwa miaka. Nilimwona akimpa kisogo rafiki yake wa ujana kwa sababu hakuja kwenye maziko ya mzee mmoja wa mtaani, na yule rafiki alikuwa mgonjwa kitandani. "Angebebwa," alisema Dalali. Hakuwa na huruma katika jambo hilo. Alikuwa amechukua hofu ya mkewe akaifanya sheria.

Mara ya mwisho niliyosafiri nao tulikuwa tunarudi kutoka Ushirombo, mvua ya kwanza ikatukuta kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao ukilowa hunata kama ugali wa moto. Tulikwama tangu adhuhuri. Tulikaa garini tukingoja jua. Mama Dalali alikuwa na kikohozi tangu mwezi uliopita na alijifunga kanga tatu.

"Mzee," alisema, "wote hawa wako mbali. Ushirombo mbali, Mwakitolyo mbali. Siku yangu ikifika utawaitaje?"

"Nina sauti."

"Sauti haifiki Ushirombo."

Dalali alitazama mvua. Nilidhani atainua kiganja.

"Nitakwenda na motokaa," akasema. "Nitawaleta mmoja mmoja kama ni lazima. Nakuahidi, mke wangu. Wewe huzikwi na watu kumi."

Mama Dalali alikufa katikati ya mvua za mwaka huo huo, siku ya kazi, baada ya alfajiri. Kikohozi kilikuwa kimeshuka kifuani. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Alikuwa mwepesi sana, na begani alikuwa na alama ya kovu ambayo sikuwahi kuiona, nikakumbuka kidonda cha mama yake, nikajiuliza kama njia ile ndiyo iliyompa naye. Nje nilisikia hendeli. Mara hii injini iliwaka kwa mzunguko wa kwanza.

Dalali alikwenda kumleta Minza na watu wa Mwakitolyo. Kila mtu alimwambia njia haipitiki. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwambia maiti haicheleweshwi, mwisho ni alasiri. Dalali alisema atarudi kabla ya alasiri, akaondoka. Mvua ilinyesha siku nzima. Tulikaa, wanawake wachache wa mtaani, na kila nilipotazama uani niliona pa kuweka mguu, na pa kuweka mguu pengine, na pengine. Wengine waliotaka kuja walizuiwa na maji barabarani. Nililia kwa nguvu zangu zote, lakini mtu mmoja hawezi kuwa watu wengi.

Alirudi kwa miguu alasiri imekwisha kuingia, udongo mweusi umempanda hadi kiunoni. Motokaa ilikuwa imezama mbugani, hata nusu ya njia hakufika. Alisimama mbele ya wanaume waliokuwa wameshika jeneza.

"Tungoje hadi kesho," alisema.

"Mzee wetu," mwalimu akasema, "unajua haifai."

"Kesho jua litawaka. Niacheni niwaite."

Hapo alipanda ngazi ya mlango wake, akafungua kinywa. Nakumbuka mishipa ya shingo ilivyomtoka. Hakikutoka kitu. Sauti ile iliyofika stesheni ilikuwa imebaki mbugani, ameimaliza kwa kuomba msaada pasipo na mtu. Akashuka, akaweka bega chini ya jeneza, wakaenda. Wanaume, wanawake, wote pamoja, tulikuwa kumi na mmoja.

Njia ilipokauka walianza kuja. Walikuja wawili wawili, kwa majuma, na unga, na kuku, na mbuzi mmoja kutoka Ushirombo aliyetembezwa siku nne. Minza alifika siku ya tisa, mtoto mgongoni, akaanguka uani akilia kilio ambacho marehemu alikuwa amekihitaji. Dalali alitoka mlangoni akamwambia, "Umechelewa," akarudi ndani. Lilikuwa neno baya na nilimchukia kwa hilo. Baadaye nilimkuta amekaa sakafuni karibu na yule binti, mtoto mapajani.

Motokaa hakwenda kuitoa. Watu wakabandua mbao zake wakazifanya milango ya mabanda ya kuku. Mnadani hakurudi. Siku moja aliifunga nyumba yake akaondoka bila kuaga, na mpangaji mpya alipokuja nilimchukia bila kosa.

Miaka kadhaa ikapita. Mume wangu alipata ukarani wa ghala huko kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Rwamgasa, tukahamia. Nilianza kuwauzia wachimbaji uji na maandazi. Mchana mmoja shimo liliporomoka, wakamtoa mtu mmoja amekwisha kufa. Wenzake walimwita Mrefu. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu, kabila wala kwao wala dini. Msimamizi alitaka afukiwe upesi watu warudi kazini. Basi juu ya kifusi cha udongo akapanda mzee mwenye fimbo, kanzu imeraruka pindo, nami nikaiweka chini sufuria ya uji kabla hata hajasema.

"Nani anamjua?" Sauti ilikuwa imerudi, imekwaruzika, lakini ni ile. "Watu! Nani anamjua kijana huyu? Nani kamwona kwao? Nani kala naye?" Akarudia kwa Kisukuma. Akarudia kwa Kizinza kibovu. Akashuka polepole, akaketi karibu na maiti, akaweka mikono kichwani kama wanavyoweka wanawake, akaanza kulia kwa sauti. Dalali, ambaye msibani alikaa kwenye kibao cha motokaa akila. Wachimbaji waliangalia pembeni kwa aibu.

"Mzee," msimamizi akauliza, "wewe ni nani wake?"

"Baba yake." Kisha akainua macho, akaniona katikati ya watu, na hakushtuka hata kidogo. "Na yule ni dada yake. Mpisheni."

Wakanipisha. Nikaenda nikaketi, nikaweka mikono kichwani. Nililia, na sikujilazimisha.

Baada ya maziko nilimpa uji. Nilimwamkia, shikamoo baba, akaitika marahaba Bibi Arusi, ingawa nilikuwa na watoto watatu. Aliniambia anatembea, machimboni, vijijini, Runzewe, Ushirombo, popote anaposikia kuna maziko yasiyo na wenyewe. Analala kwa watu. Nikamwuliza kwa nini. Alikunywa uji wote kwanza.

"Nilimwahidi watu," akasema. "Nikampa kumi na mmoja. Sasa sina wa kumletea, basi nakwenda mimi kwa wengine."

Nilimwambia halikuwa kosa lake. Akainua kiganja. Alipoaga alisimama kidogo, akiigeuzageuza fimbo.

"Na mimi je, Bibi Arusi? Utakuja?"

"Nitakuja, baba."

"Hata kukiwa na mvua?"

"Hata kukiwa na mvua."

Sikwenda. Tulirudi Tabora mwaka uliofuata, na habari ilinifikia miezi mitatu baada ya kufa kwake, kutoka kwa dereva wa lori aliyekuja kununua maandazi. Alikuwa amekufa upande wa Runzewe, wakati wa kiangazi, njiani kwenda arusini ambako hakualikwa. Nilimshika dereva yule mkono nikamwuliza kama watu walikuwapo.

"Watu? Mama, lori langu lilisimama tangu asubuhi hadi alasiri, hakuna pa kupita. Wasukuma na fimbo zao, watu wa misheni, wachimbaji na vumbi lao. Kuna mama mmoja analia baba, baba, ameshikwa na watu watatu. Nikadhani amekufa mtemi."

Nilifurahi, kisha nikaona haya, kwa sababu katika watu wote wale mimi sikuwamo. Na nilipoingia ndani nikalia, sikuwa namlilia yeye. Kama ingewezekana ningechukua nusu ya watu wale nikawapeleka Shinyanga, mchana ule wa mvua, wajae uani kwa Mama Minza.